Kukabidhi Zamu

Mimi ni mwoga. Nalisema hili mapema, lisije likaonekana baadaye kama siri niliyoificha. Naogopa mbwa, naogopa ngazi ndefu, naogopa simu inayolia alfajiri, na zaidi ya yote naogopa kumwambia mtu mzima jambo ambalo hataki kulisikia. Nashona mapazia Nalufenya, Jinja, na katika kazi hiyo uoga si kasoro. Ukikiogopa kitambaa cha mtu utakipima mara tatu kabla ya kukikata. Lakini mwaka ule uoga wangu nusura utuue, mimi na rafiki yangu.

Rafiki yangu ni mwanamke, askari jela mstaafu, na amenizidi miaka ishirini na saba. Siku ya kwanza aliingia dukani kwangu na suruali ya sare iliyombana kiunoni, akaitupa juu ya cherehani, akasema, "Fungua hii, mimi nataka pumua." Nilimwita afande siku hiyo na sijawahi kumwita vinginevyo, hata baada ya sare yenyewe kurudishwa kwa serikali. Yeye huniita mtu ya Kenya, kwa kuwa nilizaliwa Busia, ng'ambo ya mpaka. Kiswahili changu humchekesha. Anasema naongea kama redio.

Chake alikiokota kazini. Ni mtu wa Teso, na Kiswahili alichofundishwa na jela ni cha amri: simama, kaa, hesabu, funga. Mjini kwetu wapo wazee wanaosikia lugha hii wakakumbuka askari mlangoni, ile miaka ambayo hawapendi kuizungumzia. Afande hakulijali hilo. Hata chumvi aliiomba kwa amri.

Safari yetu ilianzia kwenye kuku wa bure. Kulikuwa na klabu moja ya nyumba za mapumziko iliyotualika chakula cha mchana katika hoteli ya kando ya ziwa, na sisi tulikwenda kwa ajili ya chakula, hatukuwa na nia nyingine. Baada ya kuku akasimama kijana mwenye tai akaeleza. Klabu ina nyumba hapa na pale. Mwanachama hanunui nyumba, ananunua wiki moja ya kila mwaka. Wiki hiyo nyumba ni yako, funguo ni zako, kisha unatoka anaingia mwingine. Kijana alikuwa akihangaika kutafuta namna ya kulisema jambo lenyewe kwa lugha ambayo wote tungeielewa, ndipo afande akamkata kauli.

"Hiyo ni zamu," akasema. "Wewe unaingia zamu, unashika funguo, unahesabu watu, unakabidhi, unaenda. Jela si ya mama yako, lakini saa yako ni yako."

Ukumbi mzima ulicheka, na kijana akalichukua neno lile akalitumia mpaka mwisho. Tukatia saini, kila mmoja wiki yake. Tulipokuwa tukirudi nilimwambia tumekula kuku ghali kuliko wote waliowahi kuliwa Busoga. Akanijibu kwamba kuku alikuwa mgumu pia.

Sheria ya klabu ilikuwa kwamba zamu isiyotumika ndani ya mwaka inakufa. Vilevile iliruhusu wiki kukatwakatwa, usiku mbili huku, usiku tatu kule. Afande aliposikia hivyo alinunua daftari la jalada gumu, akaja nalo dukani, akaketi kwenye kiti cha wateja. Wiki zetu mbili zilikuwa usiku kumi na nne. Alizigawa kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote: Wanyange usiku tatu, kwa sababu ni hapa jirani na mtu aanze safari akiwa bado ananusa kwake. Mbale usiku nne. Sipi usiku tatu, kwa baridi. Soroti usiku nne, kwao, ambako hakuwa amelala tangu mazishi ya mama yake.

"Mimi nataka kuona nyumbani na akili yangu," alisema.

Nilidhani anamaanisha kwa utulivu. Kiswahili chake nilikizoea kukitafsiri nusu nusu, na siku hiyo nilitafsiri vibaya.

Shida ya nyumba za zamu ni saa. Unatakiwa kutoka saa nne asubuhi, na nyumba inayofuata haikupokei kabla ya saa kumi alasiri. Kati yake kuna saa sita ambazo huna paa. Saa hizo sita ndizo alizozipangia afande kwa furaha. Wapi tutakunywa chai, wapi tutaweka mafuta, mti gani una kivuli cha kutosha gari. Gari lilikuwa lake, Corona nyeupe yenye umri wa kuoa, na dereva bila shaka alikuwa yeye. Mimi nina leseni. Niliipata zamani, na tangu hapo nimeendesha kutoka Nalufenya hadi kituo cha mafuta na kurudi, tena asubuhi ya Jumapili watu wakiwa kanisani. Barabara kuu, yenye malori ya Kenya na malori ya miwa, hapana. Hiyo niliwaachia wenye moyo.

Tulikwenda kuikagua nyumba ya Wanyange kwanza. Ilitupendeza. Madirisha yake yalitazama ziwa, ingawa mapazia yalikuwa yameshonwa na mtu asiyemwogopa Mungu. Wakati wa kurudi, afande aliingia barabara kuu, akaendesha vizuri tu, halafu akasimamisha gari. Si pembeni. Katikati ya njia yetu, akakanyaga breki, akageuka akanitazama.

"Tunaenda wapi?" akauliza.

Nyuma yetu kulikuwa na lori la miwa. Niliisikia honi yake mgongoni kabla sijaisikia masikioni. Lilitupita kwa upande wa pili, miwa ikikwaruza paa la Corona, na dereva akatutukania wazazi wote wawili. Nami nikacheka. Mpaka leo sijui kicheko kile kilitoka wapi. Nilicheka kama mtu aliyetaniwa, nikampiga afande begani, nikasema, "Tunaenda kwa rais, afande, endesha." Akatazama mbele, akaingiza gia, tukafika Nalufenya salama. Wala mimi wala yeye hakutaja lori tena.

Baada ya siku ile niliona mambo, na kila nililoliona nililitafutia sababu. Aliondoka dukani akarudi kuuliza kama ameaga. Alijaribu kufuli la duka langu mara tatu, kwa utaratibu uleule, akisema "imefunga" kila mara. Nikajiambia ni mazoea ya jela. Alimwita muuza chapati wa jirani kwa jina la mtu mwingine. Nikajiambia hata mimi nasahau majina. Wahenga wamesema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini wahenga hawakusema neno kuhusu rafiki anayemfichia mwenzake maradhi, na huyo ndiye nilikuwa mimi.

Kisha msichana wa klabu akanipigia simu. Ndiye aliyekuwa akipanga nyumba za wanachama.

"Mama, nimepokea orodha yenu," akasema. "Nahitaji jina la mgeni wa tatu."

"Mgeni gani?"

"Mwenzako ameandikisha watu watatu. Nyumba zote nne. Vitanda vitatu."

Nilimwambia nitampigia baadaye. Jioni hiyo afande alipokwenda msalani nilifungua daftari lake, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Kila kituo kilikuwa na ukurasa wake. Wanyange, chini yake: Watu 3. Mbale: Watu 3. Sipi, Soroti, hivyohivyo. Tarakimu ilikuwa imekolezwa wino, imepitiwa na kalamu zaidi ya mara moja.

Hofu iliyonishika siku ile sikuwa nimewahi kuijua. Mumewe alikufa kabla hatujafahamiana. Mwanawe wa pekee yuko ng'ambo na hupiga simu Krismasi. Wa tatu alikuwa nani? Nilianza kumtazama afande akizungumza, nione kama macho yake yanakwenda kwenye kiti kitupu. Siku moja aliweka vikombe vitatu vya chai mezani, nikatazama kila kona, kumbe fundi wa umeme alikuwa uani. Nikikaa kwenye cherehani nilijiona ndani ya ile Corona, tumekaa mbele wawili, na nyuma kuna mtu ambaye yeye anamwona na mimi simwoni, na usukani uko mikononi mwa afande.

Kwa hiyo nilijua la kufanya. Nilipaswa kumwambia, kabla ya Ijumaa ya kuanza safari, kwamba asiendeshe. Maneno yalikuwa mawili tu: afande, usiendeshe. Niliyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha wateja. Kila nilipomwona akija, akiwa amenyoosha mgongo na daftari kwapani, yalirudi tumboni. Niliogopa atanitazama kwa macho ya askari. Niliogopa ataniambia mimi si mtu wake tena. Na nikisema ukweli kabisa, niliogopa kwamba safari itakufa na zamu zetu pamoja nayo, na Soroti yake hataiona, na mimi ndiye nitakuwa nimeiua.

Wiki moja kabla ya Ijumaa hiyo ikabidi twende Mbale. Usiku zile nne za Mbale zilikuwa za mwanachama mwingine aliyekubali kubadilishana nasi, na klabu ilitaka tutie saini sisi wenyewe mbele ya mtunza nyumba. Nikaapa nitamwambia kabla ya Iganga. Tukapita Iganga. Nilikuwa nimezungumzia bei ya nyuzi, mvua, na ugonjwa wa kuku wa jirani.

Mbele ya Iganga kuna Nakalama, ambapo njia hugawanyika. Ya kushoto inakwenda Tirinyi hadi Mbale. Nyingine inaendelea Bugiri hadi mpakani. Afande alipita hapo mara nyingi maishani mwake kuliko mimi nilivyopita sokoni. Alifika njia panda, hakupunguza mwendo, akaendelea na barabara ya Bugiri.

Mtu mwenye moyo angesema, afande, umekosea njia. Mimi nilihesabu nguzo za umeme. Nilijiambia labda anajua njia ya mkato, ingawa ya mkato haipo. Baada ya kilomita kama tatu nikasema, "Afande, nimesahau kununua maji pale Nakalama. Turudi kidogo."

"Maji iko mbele."

"Nataka ya Nakalama."

Akanitazama, akageuza gari. Nilinunua chupa mbili nisizozihitaji. Niliporudi garini nikaonyesha njia ya kushoto nikasema kwa sauti kubwa, kama mtalii, "Kumbe njia ya Mbale ndiyo hii! Wamelima kweli huku." Akaifuata. Nilijipongeza kwa ujanja wangu. Sasa nikikumbuka ule ujanja natamani kuuficha uso.

Nyumba ya Mbale iko upande wa mlima Wanale, ndogo, safi, ina bustani ya nyuma. Mtunza nyumba alituzungusha. Afande aliingia chumba hadi chumba akigusa vitanda kwa mkono.

"Moja. Mbili. Tatu," akasema. "Vizuri. Watu watatoshea."

Tukatia saini.

Kabla ya kurudi Jinja alitaka kupita Namatala, mtaa wa hapohapo Mbale. Alipokuwa askari kijana alipanga chumba pale, na alitaka kuona kama nyumba ingalipo. Namatala mchana imejaa. Nyumba zimebanana, watu wanauza nyanya za fungu moja moja, nguo zimeanikwa juu ya njia. Kwenye ukuta wa ghala moja walikuwa wameketi wanaume kama thelathini, vibarua, wengine na majembe, wengine na ndoo zilizokauka saruji, wakingoja mtu wa kuwachukua kwa kazi ya siku. Afande akasimamisha gari. Akashuka bila kuzima injini.

Wakainuka wote wakamjia, wakidhani ni mwenye kazi.

"Mama, chukua mimi!"

"Mama, mimi niko na nguvu!"

Afande akanyoosha mgongo. "Kaa chini!" akasema. "Tano tano! Chuchumaa!"

Sauti ile sikuwahi kuisikia miaka yote. Ilikuwa sauti ya kazini, na ilipiga ukuta wa ghala ikarudi. Vijana walisimama wakatazamana, mmoja akaanza kucheka. Lakini wazee wawili watatu walichuchumaa. Mmoja, mwenye mvi kichwa kizima, alichuchumaa wa kwanza kabisa, akaweka mikono kichwani na kutazama chini. Hakuwa na wakati wa kufikiri. Mwili wake ulikumbuka kabla yake. Waliomwona hawakucheka tena.

"Tano," akahesabu afande, akinyoosha kidole. "Kumi. Kumi na tano." Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Watu wenyewe hawakutulia, wengine walikuja kutazama, wengine waliondoka, hesabu ingetimia vipi? Alianza mara ya tatu. Midomo yake ilikuwa imeanza kucheza. "Moja amepotea," akasema. "Mtu moja amepotea. Nani alikuwa na funguo? Nani alikuwa zamu?"

Wakati huo ndipo nilipouona uso wake vizuri. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba hofu ni yangu peke yangu katika urafiki wetu, na ushujaa ni wake. Uso ule ulikuwa umeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mimi. Aliwahi kunieleza kwamba askari jela haogopi kupigwa. Anaogopa jioni moja tu, ile ambayo anahesabu na mmoja hayupo.

Kijana mmoja mwenye ndoo akamsogelea. "Wewe mama ni nani? Sisi ni wafungwa wako?" Nyuma yake wengine wakaanza kupandisha sauti, na Kiswahili wakakiacha. Maneno sikuyaelewa lakini hasira haihitaji mkalimani.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa cha mlango. Ulikuwa pale muda wote. Sijui nilishuka vipi, najua tu kwamba nilipita katikati ya wale wanaume nikasimama mbele yake, nikabana visigino, nikasema kwa ile lugha yake ya kazini, "Afande, hesabu imetimia."

"Haijatimia. Moja amepotea."

"Ni mimi, afande. Nilikuwa ndani ya gari. Sasa nimekuja. Imetimia."

Akahesabu mara ya mwisho, akaishia kwangu, akinigusa kifuani kwa kidole. Kisha macho yake yakamwangukia yule mzee wa mvi, ambaye bado alikuwa amechuchumaa na mikono kichwani, na nikaona akirudi. Sijui namna nyingine ya kulisema. Alirudi, akaona mahali alipo, na akaona alichokifanya.

Alikwenda kwake, akainama kwa shida, akamshika viwiko.

"Simama, baba," akasema. "Simama. Nisamehe mimi."

"Hakuna shida, afande," mzee akajibu kwa Kiswahili, akajifuta magoti. Hakumwangalia usoni.

Yule kijana wa ndoo akashusha ndoo yake. Umati ukatupisha. Afande akalizunguka gari kwa upande wa mbele, akaufikia mlango wa abiria, akaufungua, akaketi. Mimi nikabaki nimesimama upande wa usukani, injini ikinguruma, na hakukuwa na mtu mwingine wa kukaa pale. Nikaingia. Niliendesha hatua mia moja hivi, mpaka kwenye kivuli cha duka lililofungwa, nikazima.

"Wewe uliona ile tatu kwa kitabu yangu," akasema. Hakuuliza.

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa, afande."

"Mimi pia." Alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa chake cha mkono. "Mfungwa moja akitoka nje, anatoka na askari wawili. Moja anaangalia njia, moja anaangalia mfungwa. Hiyo ni sheria. Mimi niliandika tatu. Dereva, wewe, na mimi. Dereva nimeshaongea na yeye, alifanya kazi na mimi zamani."

"Na mfungwa ni nani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaelewa, na machozi yalikuwa yameshanifika kidevuni.

"Daktari aliniambia mwezi ya pili. Alisema kichwa itatoka polepole. Alisema usiendeshe." Alitazama nje ya dirisha. "Mimi nikasema, nitangoja mtu ya Kenya aniambie. Yeye ni rafiki yangu, akiona ataniambia. Akiniambia yeye, nitajua ni kweli. Ile siku ya lori ya miwa, mimi niliuliza wewe tunaenda wapi. Sikuwa nacheza. Nilikuwa sijui. Wewe ulicheka."

Nilimwomba msamaha kwa maneno mengi ya redio, akayaacha yapite yote, kisha akaniambia nilete daftari lililokuwa kiti cha nyuma.

Askari jela wakibadilishana zamu hawaagani hivihivi. Anayetoka huandika anachokiacha na anayeingia hutia saini kwamba amekipokea. Afande alifungua ukurasa mpya, akaandika polepole kwa herufi kubwa, akinisomea kila mstari. Gari moja. Funguo mbili. Wafungwa: moja. Mgonjwa: moja. Mtoro: hakuna. Akanipa kalamu. Nilitia saini kwenye paja langu, na herufi zikaenda upande. Akaikagua, akafunga daftari, akalishika kwa mikono miwili.

Kutoka Mbale hadi Nakalama niliendesha polepole hata bodaboda zikatupita zikiwa zimebeba vitanda. Jasho lilinitoka mpaka likalowesha kiti. Kila lori lililokuja mbele nililiona limekuja kwa ajili yangu. Afande hakunicheka wala hakunifundisha. Mara mojamoja alisema "gia", nami nikabadilisha.

Nakalama, anayetoka Mbale kwenda Jinja lazima akunje kulia, avuke njia ya malori yanayokwenda mpakani. Nilisimama pale nikingoja nafasi. Lori la kwanza likapita, la pili, la tatu, nyuma yangu mtu akaanza kupiga honi. Mikono yangu ilikuwa imeganda kwenye usukani.

"Tunaenda wapi?" akauliza afande.

Niligeuka. Sikujua kama ananijaribu au kama kweli hajui, na macho yake hayakunisaidia. Nikaona kwamba tangu siku ile sitajua tena, na kwamba jibu linapaswa kuwa lilelile.

"Tunaenda nyumbani, afande. Jinja. Tumetoka Mbale kutia saini. Ijumaa tunaanza Wanyange, usiku tatu, halafu Mbale, halafu Sipi, halafu Soroti. Watu watatu."

"Soroti," akasema. "Nani ana zamu?"

"Mimi."

"Basi endesha."

Barabara ilikuwa imefunguka kidogo tu. Nikaingia.